Mashine ilisema 100: kisa cha Bi. H. na siku zake za Medicare

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, Bi. H., mjane wa miaka 81, alirudishwa kwenye nyumba ya wazee anakoishi, akitokea hospitali alikolazwa kwa nimonia. Ofisa wa bili aliingiza namba yake ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, kwenye HETS, mfumo wa kuulizia haki za mwanachama, na jibu likaja papo hapo: siku 20 za malipo kamili, siku 80 za kuchangia. Zote 100 za huduma ya uuguzi ambazo Medicare hulipia, hazijaguswa. Mezani kwa muuguzi wa MDS, yaani anayesimamia tathmini rasmi ya kila mkazi, hatua chache kutoka hapo, daftari lilionyesha namba nyingine kabisa: sifuri.

Daftari ndilo lililokuwa sahihi. Kisa hiki ni cha kueleza jinsi mashine ilivyofika kwenye 100 na daftari likafika kwenye sifuri, maana kituo kinachoiamini mashine hapa hulipwa kwanza na kunyang'anywa baadaye.

Bi. H. ni mtu wa kubuni. Tumemuunda ili makosa yanayojirudia kila siku yakutane kwenye faili moja. Kanuni ni za kweli, viwango vya dola ni vya 2025, na tarehe zimehesabiwa moja moja kwenye kalenda. Wasemaji wa Kiswahili ni wengi katika nyumba za wazee za Marekani, wakigeuza wagonjwa, wakigawa dawa, wakiandika kumbukumbu za zamu. Kama itakavyoonekana, mstari mmoja wa zamu ya usiku unaweza kubadilisha hesabu yote ya ofisini.

Kinachohesabiwa

Medicare, bima ya serikali ya shirikisho kwa wenye miaka 65 na zaidi na baadhi ya walemavu, haimlipii mzee kukaa kwenye nyumba ya wazee. Inalipia huduma ya kitaalamu kwa muda: uuguzi unaohitaji muuguzi mwenye leseni siku 7 kwa wiki, au tiba ya viungo, ya shughuli za mikono au ya usemi angalau siku 5 kwa wiki. Kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa kwa kijiko havimo. Hayo hulipwa na familia, au na Medicaid, ambayo ni mfuko mwingine wenye masharti ya kipato na mali, unaoendeshwa na kila jimbo.

Sehemu A ya Medicare hutoa hadi siku 100 katika kila kipindi cha mafao. Siku ya 1 hadi ya 20 mgonjwa halipi kitu. Siku ya 21 hadi ya 100 anachangia, kwa kila siku, sehemu moja ya nane ya makato ya hospitali, yaani kiasi anachotoa mgonjwa mwenyewe anapolazwa kabla Medicare haijaanza kulipa. Mwaka 2025 makato yalikuwa dola 1,676, kwa hiyo mchango ulikuwa dola 209.50 kwa siku. Zikiisha 100, zimeisha.

Lakini saa zinazotembea ni tatu, wala si moja. Ya kwanza ni hiyo ya 100. Ya pili ni ya siku 30: mgonjwa aanze huduma ya kitaalamu ndani ya siku 30 tangu atoke hospitali alikolazwa rasmi siku 3 mfululizo, na akiwa ameshatoka kwenye huduma hiyo, anaweza kuirudia ndani ya siku 30 bila kulazwa tena. Ya tatu ni ya siku 60. Kipindi cha mafao hufungwa pale tu mtu anapokaa siku 60 mfululizo bila kulazwa hospitali na bila kupata huduma ya kiwango cha kitaalamu kwenye nyumba ya wazee. Hapo ndipo kulazwa kupya kwa siku 3 humfungulia 100 nyingine.

Soma tena maneno "bila kupata huduma ya kiwango cha kitaalamu". Sheria haisemi "bila Medicare kulipa". Karibu kila kosa katika kisa hiki linatokana na kuyachanganya hayo mawili.

Februari: siku 14 zilizojificha

Jumatatu ya tarehe 3 Februari 2025 Bi. H. alianguka bafuni kwake na kuvunjika nyonga. Alifika chumba cha dharura usiku huo, akawekwa kitanda, lakini kwa hadhi ya uangalizi. Daktari aliandika amri ya kumlaza rasmi Jumanne tarehe 4, saa kumi jioni. Alitoka Ijumaa tarehe 7 na kuja moja kwa moja kwenye kituo.

Karatasi ya rufaa ilisema alikuwa hospitali "3 hadi 7 Februari", na kwa haraka mtu huona siku nne. Zinazohesabika ni tatu: 4, 5 na 6. Siku ya kulazwa rasmi huhesabiwa, siku ya kutoka haihesabiwi, na saa za chumba cha dharura au za uangalizi haziingii hata zikiwa usiku mbili. Amri ile ingeandikwa kesho yake asubuhi, angebaki na siku mbili, na Medicare isingelipa hata siku moja ya huduma iliyofuata. Ndiyo sababu ofisa wa mapokezi haridhiki na karatasi ya rufaa. Anadai nakala ya amri ya kulaza yenye tarehe na saa. (Msamaha wa siku 3 uliokuwepo wakati wa UVIKO-19 uliisha tarehe 11 Mei 2023. Bado kuna watu wanaufanyia kazi kana kwamba upo. Mipango mingi ya Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, haidai siku 3, ila ina vibali vyake vya kuomba kabla.)

Siku 3 zilitimia, basi. HETS ikasema 100. Familia ikapewa barua: siku 20 za bure ni tarehe 7 hadi 26 Februari, mchango unaanza tarehe 27.

Kumbe katika jibu lile lile la HETS kulikuwa na mstari ambao hakuna aliyeusoma: kipindi cha mafao kilichoanza tarehe 9 Desemba 2024, na siku za hospitali zilizobaki 56 badala ya 60. Maana yake Desemba alilazwa siku 4, na kipindi kile hakijafungwa. Swali la kwanza la mtu mzoefu ni: alipotoka tarehe 13 Desemba, alikwenda wapi?

Alikwenda kwenye kituo kingine cha uuguzi. Alikaa huko hadi tarehe 27 Desemba, yaani siku 14 za huduma ya kitaalamu, 13 hadi 26. Kituo hicho kilikuwa hakijatuma bili. Medicare inampa mtoa huduma mwaka mzima kutuma, na HETS haiwezi kuonyesha siku ambazo hakuna aliyezidai. Ni kama daftari la duka la mangi: deni lisiloandikwa halionekani, lakini lipo.

Kuanzia tarehe 27 Desemba hadi 3 Februari ni siku 39. Hazifiki 60, kwa hiyo kipindi ni kile kile. Hazikuwa ndani ya 30 pia, ndiyo maana alihitaji kulazwa upya siku 3. Yuko katikati ya madirisha mawili: anastahili huduma, lakini kwa siku zilizosalia tu. Siku yake ya kwanza kwenye kituo hiki ilikuwa siku ya 15 ya kipindi. Za bure zilibaki 6, tarehe 7 hadi 12 Februari, na mchango ulianza tarehe 13.

Bili ya kile kituo cha kwanza ilipoingia mwezi Machi, ukweli ukatoka. Bi. H. alipata huduma ya kitaalamu hadi tarehe 20 Machi, siku 42 kwenye kituo hiki. Familia ilikuwa imejiandaa kuchangia siku 22, dola 4,609. Halisi zilikuwa siku 36, dola 7,542. Tofauti ya dola 2,933 ni siku zile 14 za Desemba, na binti yake, ambaye aliuza gari la mama akijua deni litafikia wapi, alikuwa na haki ya kufoka.

Dawa yake ni simu mbili kabla mgonjwa hajamaliza siku ya pili. Moja kwa hospitali ya awali: "mlimtoa kwenda wapi?" Bili ya hospitali hubeba msimbo wa hali ya kutoka, na 03 maana yake amepelekwa kwenye kituo cha uuguzi. Ya pili kwa kituo hicho: tarehe ya kuingia, tarehe ya mwisho ya huduma ya kitaalamu, bili imetumwa au la. Majibu yaandikwe, na jina la aliyejibu liandikwe. Familia pia iulizwe, kwa lugha ya kawaida: "Katika miezi mitatu iliyopita amelala wapi?" Ukiwauliza kama "ametumia mafao ya Sehemu A" watakujibu hapana, kwa moyo safi kabisa.

Machi: kufunga vizuri

Mtaalamu wa tiba ya viungo alipendekeza kusitisha kwa sababu Bi. H. alitembea na kitembezi mita 45 bila kushikwa, na mazoezi yaliyobaki wahudumu wangeweza kuyasimamia. Hiyo ni sababu halali. Isiyo halali ni ile inayoandikwa kwa mazoea: "hana maendeleo tena." Tangu maafikiano ya mwaka 2013 katika kesi ya Jimmo, ya wagonjwa dhidi ya serikali, Medicare haidai mgonjwa aboreke. Inatazama kama ustadi wa mtaalamu unahitajika, hata kama ni kwa kumzuia asirudi nyuma.

Siku ya mwisho ya kulipiwa ikiwa ni tarehe 20 Machi, fomu CMS-10123 ya kumjulisha kwamba huduma inakoma ilipaswa kumfikia si baada ya tarehe 18. Familia ikitaka kupinga, hupiga simu kwa shirika huru la mapitio kabla ya saa sita mchana tarehe 19. Na kwa kuwa alibaki kituoni huku bado ana siku 44, ilitakiwa pia fomu ya pili, CMS-10055, inayoeleza gharama atakayobeba mwenyewe. Vituo vingi hutoa ya kwanza na kusahau ya pili, halafu hushindwa kumdai mgonjwa.

Kwenye bili ya Machi, msimbo wa tukio namba 22 ukabeba tarehe 20 Machi, siku huduma ya kitaalamu ilipokoma. Usidharau msimbo huu. Ndio unaoiambia mashine kwamba mgonjwa yuko palepale kitandani lakini saa ya siku 60 imeanza.

Tarehe 21 Machi, basi, ni siku ya 1. Dirisha la siku 30 lilikwenda hadi tarehe 19 Aprili. Angehitaji dripu ya antibiotiki tarehe 10 kwa ajili ya kidonda cha nyonga, angeanza siku ya 57 palepale bila kukanyaga hospitali. Hili halijulikani sana, na wazee hupelekwa hospitali bure kwa sababu mtu kituoni anaamini kila mara lazima siku 3. Saa ya 60 ingetimia tarehe 19 Mei.

Haikufika. Alhamisi ya tarehe 24 Aprili alipata kiharusi. Zilikuwa zimepita siku 34.

Usiku wa tarehe 17 Mei

Alilazwa siku 6 na kurudi tarehe 30 Aprili akiwa na mrija wa kulishia uliopitishwa tumboni. Siku 44 zilizobaki zikaanza kuhesabiwa: tarehe 30 Aprili ni siku ya 57, na kwa kalenda ya kawaida siku ya 100 ingeangukia tarehe 12 Juni.

Tarehe 17 Mei, saa mbili usiku, mrija ulichomoka. Gari la wagonjwa lilimpeleka chumba cha dharura, wakaurudisha, na akarejea kitandani kwake saa nane na nusu usiku. Muuguzi wa zamu aliandika vizuri hali ya mrija, shinikizo la damu na saa ya kurudi. Hakubadilisha sensa, yaani hesabu ya wakazi walioko kitandani. Asubuhi kompyuta ilionyesha Bi. H. alikuwepo.

Medicare huhesabu kwa usiku wa manane. Aliyeko kitandani saa sita kamili usiku, siku yake inahesabiwa. Asiyekuwepo, haihesabiwi, hata kama alikuwepo saa ishirini kati ya ishirini na nne. Usiku ule Bi. H. alikuwa kwenye machela mjini. Siku ya tarehe 17 Mei haikupaswa kulipwa, haikupaswa kuchangiwa, na haikupaswa kupungua kwenye 100. Siku ya 100 ilikuwa tarehe 13 Juni.

Siku moja tu, utasema. Lakini siku moja iliyodaiwa wakati mgonjwa hayupo ni dai lisilo sahihi kwa serikali hata kama hakuna aliyekusudia, na mkaguzi huipata kirahisi: rekodi za hospitali zina saa za kuingia na kutoka. Muuguzi wa MDS aliigundua kwa kulinganisha ripoti ya zamu na sensa kila Jumatatu. Ni kazi ya dakika kumi na tano kwa kituo cha vitanda 60. Bili ilirekebishwa: siku moja ya kutokuwepo ikaonyeshwa kwa msimbo wa muda namba 74.

Hapa watu huingiza kanuni nyingine ambayo haihusiki. Tangu Oktoba 2019, chini ya utaratibu wa malipo unaoitwa PDPM, mgonjwa akitoka na kurudi kituo kilekile ndani ya siku tatu, ukaaji huhesabiwa kuwa uleule na hakuna tathmini mpya ya siku ya 5. Hiyo ni kanuni ya kiwango cha malipo ya kituo. Haigusi siku 100, wala 30, wala 60. Ukisikia mtu anasema "amerudi ndani ya siku tatu kwa hiyo siku haikupotea", mwulize anazungumzia saa ipi.

Vyeti vya daktari, vya kuthibitisha kwamba mgonjwa anahitaji huduma ya kitaalamu, navyo vina ratiba yake: wakati wa kuingia, kisha kufikia siku ya 14, kisha kila baada ya siku zisizozidi 30. Cheti kisichosainiwa huangusha malipo ya siku ambazo mgonjwa alistahili kabisa.

Mrija, na siku 60 ambazo hazikuwa 60

Tarehe 13 Juni siku 100 ziliisha. Kwa mchango wa siku 80, jumla ya dola 16,760 kwa kipindi kile chote, sehemu ikalipwa na familia na iliyobaki ikaangukia Medicaid, iliyomkubali kuanzia Mei baada ya kupekua uhamisho wa mali zake kwa miezi 60 nyuma. Majimbo mengi hulipa mchango huo pale tu ambapo kiwango chao ni kikubwa kuliko kile Medicare iliyokwisha kulipa. Aghalabu hulipa kidogo au hawalipi kitu.

Ofisa wa bili alifanya mambo mawili. Aliacha kutuma bili kwa Medicare, kwa kuwa hakuna cha kulipwa. Na akaandika kwenye kalenda: "Bi. H., 12 Agosti, siku 60." Yote mawili yalikuwa makosa.

Mtaalamu wa lishe alikadiria mahitaji ya Bi. H. kuwa kalori 1,500 kwa siku. Amri ya tarehe 30 Aprili ilikuwa paketi nne za chakula cha mrija, kila moja mililita 237, chenye kalori 1.5 kwa mililita. Hiyo ni mililita 948 na kalori 1,422, pamoja na maji ya kusafishia mrija. Kanuni ya Medicare inasema kulisha kwa mrija ni huduma ya kitaalamu iwapo mrija unatoa angalau asilimia 26 ya kalori za siku na angalau mililita 501 za majimaji. Bi. H. alikuwa kwenye asilimia 95 hivi. Kwa hiyo tarehe 14 Juni, siku ya kwanza bila malipo ya Medicare, haikuwa siku ya 1 ya hesabu ya 60. Alikuwa bado kwenye huduma ya kitaalamu, inayolipwa na mfuko mwingine. Saa haikuanza.

Mzee anayelishwa hivyo kwenye nyumba ya wazee hafungi kipindi chake kamwe, hata akikaa miaka miwili. Familia haziambiwi hili mapema, na ndizo zinazobaki zikisubiri 100 mpya ambazo haziji. Vidonda vikubwa vya kulalia vinavyohitaji matibabu ya muuguzi kila siku hufanya hivyohivyo.

Bi. H. alipata bahati ya namna. Mtaalamu wa usemi alikuja siku 3 kwa wiki, akilipwa na Sehemu B ya Medicare, ambayo haihesabiwi kwenye siku 100, kumfundisha kumeza upya. (Siku 3 hazifikishi kiwango cha kila siku; zingekuwa 5, hizo peke yake zingezuia saa.) Tarehe 6 Julai paketi zilishuka kuwa mbili: kalori 711, asilimia 47, na kwa maji ya kusafishia majimaji yalizidi mililita 700. Bado ni kitaalamu. Tarehe 20 Julai ikabaki paketi moja ya usiku: kalori 355, chini ya asilimia 24, na majimaji kama mililita 357. Mrija upo tumboni, muuguzi anaushika kila siku, lakini hauhesabiki tena. Siku hiyo ndiyo saa ya 60 ilipoanza.

Namba hizi hazikutafutwa mbali. Ziko kwenye tathmini ya MDS: K0520 husema kama mrija upo, K0710A husema sehemu ya kalori, na jibu la 1 ni asilimia 25 au chini yake, K0710B husema majimaji, na jibu la 1 ni mililita 500 au pungufu. Ila tathmini ya robo mwaka hutazama siku saba tu. Anayetaka tarehe yenyewe ya kuvuka mstari atafute amri ya daktari na jedwali la kila siku la kiasi alichopewa.

Kuanzia tarehe 20 Julai, siku 60 zingetimia tarehe 17 Septemba. Tarehe 25 Agosti Bi. H. alilazwa kwa nimonia. Zilikuwa siku 36.

Kwa nini mashine ilisema 100

Kwa sababu iliambiwa nusu ya habari. Bili ya mwisho iliyoiona iliishia tarehe 13 Juni. Kutoka hapo ikahesabu hadi tarehe 12 Agosti, ikaona kimya, ikafunga kipindi. Kituo chenye mgonjwa aliyeanza kipindi kinapaswa kutuma bili kila mwezi hata siku zikiwa zimeisha, madhali huduma ya kitaalamu inaendelea. Hazilipwi, lakini ndizo zinazoshikilia kipindi wazi. Ofisa aliziona kama karatasi za bure.

Kama bili ya Agosti na Septemba ingetumwa kwa kipindi kipya, ingelipwa. Tatizo lingekuja pale mkaguzi atakapoomba faili na kuikuta amri ya paketi nne. Kituo kingerudisha kila senti, na ni vigumu kumgeukia mgonjwa na kumdai kwa siku alizoambiwa zimelipiwa.

Kilichofanyika ni kutuma bili zilizorukwa: Juni kuanzia tarehe 14, na Julai ikiwa na msimbo 22 kwenye tarehe 19. Baada ya hapo HETS ikasema sifuri kama daftari. Siku za kuanzia tarehe 29 Agosti zilikwenda Medicaid. Binti alielezwa ana kwa ana, na aliambiwa pia upande wa nafuu ambao ofisi nyingi husahau kuutaja: kwa kuwa kipindi ni kile kile cha Desemba, hospitali haikuweza kumtoza makato mapya ya dola 1,676 kwa Februari, Aprili wala Agosti. Siku zake za hospitali zilizotumika ni 17 kati ya 60 za malipo kamili.

Daftari lenyewe halina utaalamu wowote. Kwa kila mkazi ukurasa mmoja, na safu hizi: tarehe za kulazwa rasmi, siku ya kwanza na ya mwisho ya huduma ya kitaalamu, sababu iliyofanya iwe ya kitaalamu, kwa maneno matatu, siku zilizotumika hapa na kwingine, mwisho wa dirisha la 30, mwisho wa saa ya 60, na jina la aliyehakiki. Safu ya sababu ndiyo inayobeba mzigo. Daftari lisilo nayo huishia kuwa nakala ya HETS. Tarehe ya 60 iandikwe kwa penseli, maana dripu moja huifuta. Na tarehe mosi ya kila mwezi HETS iulizwe kwa wakazi wote, hasa Januari, wengi wanapobadilisha mpango na kuhamia Medicare Advantage bila kumwambia mtu kituoni.

Mstari wa mwisho kwenye ukurasa wa Bi. H. uliandikwa Septemba. Alirudi na dripu ya antibiotiki ya siku 10, tarehe 29 Agosti hadi 7 Septemba: kitaalamu, mlipaji Medicaid, saa imesimama. Tarehe 8 Septemba, siku ya 1. Tarehe 6 Novemba, siku ya 60, kwa penseli. Pembeni, kwa mkono wa muuguzi wa MDS: paketi moja, kalori 355; wakimwongezea ya pili, nijulishwe siku hiyohiyo.